Nimehakiki Insha Zote, Imebaki ya Mpwa Wangu

Mpendwa mshauri, mimi si mtu wa kuomba msaada, kwa kawaida watu ndio wanaokuja kwangu, lakini leo naomba, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nasimama mbele ya watu katika ukumbi wa maktaba nikiwa na kitabu mkononi, na kuna insha moja ndani yake, moja tu, sijui niseme nini juu yake, hizo nyingine nimezimaliza.

Kwanza unijue. Mimi ni fundi wa makochi. Sitaki kujisifu, nikuambie tu kwamba meya mmoja alikalia kochi langu akagoma kuinuka hata muda wake ulipokwisha, ikabidi watolewe wote wawili, yeye na kochi, na kwamba nimewahi kuitwa kushona kiti cha rubani wakati ndege yenyewe imeshapaa. Mtaani wananiita Mjomba Chumvi. Wao wanasema ni kwa sababu natia chumvi kila kitu, mimi nasema ni kwa sababu nisipokuwepo mazungumzo hayana ladha, tuyaache hayo. Shule nilisoma mpaka darasa la saba na ningeendelea, ila walimu walikuwa wameshanipa yote waliyokuwa nayo.

Nina mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Tumemlea mimi na mama watoto tangu yuko darasa la nne, katika nyumba yetu ambayo nyuma yake ndipo ilipo karakana, ukuta mmoja tu unatenganisha cherehani yangu na kitanda alichokuwa akilalia. Huyo mtoto alikuwa mkono wangu wa tatu. Nikishona mito mirefu yeye anashika upande wa pili wa kitambaa, uzi ukitoka yeye ndiye anautunga kwenye sindano, maana macho yangu ni ya kuona mbali, ya karibu niliwaachia wengine. Sasa ni mwalimu wa sekondari, na anaandika. Juzijuzi akaja karakana, mimi niko na mwenzangu ninayefanya naye kazi chumba kimoja, yeye anapiga rangi mbao, tunamwita Vanishi.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Umeniletea kitambaa?"

"Nimekuletea kitabu."

"Cha nani?"

"Chetu. Insha za waandishi wa siku hizi, tuko wengi humo. Na mimi nimo."

Mshauri, insha ninayoijua mimi ni ile ya shuleni, Safari Yangu ya Kwanza, unaandika ukurasa mmoja, mwalimu anakumwagia wino mwekundu, basi. Sikujua kama watu wazima nao wanaziandika kwa hiari yao. Nikakipokea kile kitabu, nikakipima uzito, nikamwambia kimeshonwa vizuri mgongoni. Akacheka, akasema, "Mjomba, kuna kazi. Mhariri wetu anataka kila mwandishi alete msomaji wake mmoja, asiwe mwandishi, asiwe msomi, asome insha zote afanye uhakiki, siku ya uzinduzi asimame aseme alichokiona. Mimi nimekuandikisha wewe."

Vanishi akaangusha brashi. "Huyu afanye uhakiki? Huyu ndiye wa kuhakikiwa!"

Nikamwambia apake mbao zake anyamaze. Nikamwambia mpwa wangu, "Mama, uhakiki ndio mchezo wangu."

Na hapo ndipo nilipoingia mkenge, ingawa bado sijaamua kama ni mkenge au ni bahati. Kwa sababu, mshauri, mimi uhakiki naujua. Serikali ilipotangaza uhakiki wa mafundi alikuja afisa na tepu yake, akapima chumba, akahesabu nyundo, akakagua cheti changu mbele na nyuma, kisha akatoka nje akamuuliza jirani kama kweli mimi ndiye mimi. Huo ndio uhakiki. Mtu amesema kitu, wewe unakwenda unaangalia kama kipo. Basi nikajua hawa waandishi wamesema mambo yao humu ndani, na serikali ya vitabu inataka mtu mwenye miguu akaangalie.

Nikaanza. Usiku sisomi, macho hayataki, nilikuwa nasoma asubuhi mlangoni kwa kufuatisha kidole, na palipokuwa pagumu mama watoto ananisomea huku anapeta mchele, halafu nikimaliza insha navaa viatu natoka.

Insha ya kwanza imeandikwa na mwalimu mstaafu anayekaa kwenye jengo la ghorofa ambalo lifti yake imekufa siku nyingi. Anasema lifti ilipokufa ndipo majirani walipofahamiana, kwa sababu wote wanapumzika palepale kwenye ngazi, na mtu anayehema hawezi kujivuna. Nikasema hilo tutaliona. Nikaenda, nikapanda. Mimi nimewahi kubeba kochi la watu watatu na hao watu watatu wakiwa wamelikalia, lakini zile ngazi zilinikalisha chini, na nilikaa wapi? Kwenye kiti. Pale pa kupumzikia mtu ameweka kiti cha mbao, kitambaa chake kimechanika mpaka sponji inachungulia. Sijakaa sawasawa akafika mama mmoja na vifurushi, akasema, "Baba, ukishapata pumzi utuachie, tuko foleni hapa." Tukaongea mpaka nikajua watoto wake wote wanaishi wapi. Nikaandika: insha ni ya kweli, ila mwandishi amesahau kiti. Kesho yake nikarudi na kitambaa na stepla nikakivisha upya kile kiti, maana siwezi kuhakiki kitu kilichochanika nikakiacha vilevile.

Kuna kijana ameandika kwamba simu zimeua foleni, kwamba zamani ukipanga foleni unatoka na marafiki. Nikaiacha simu yangu nyumbani nikaenda kupanga foleni benki, sina shida yoyote benki. Nikamwanzia aliye mbele yangu habari ya kiti cha rubani. Akatoa vile vya kuziba masikio akaziba. Nikageukia wa nyuma, naye alikuwa ameshaziba kabla sijafungua mdomo. Nikaandika: kweli tupu, na inauma.

Kuna msomi mmoja insha yake ni ndefu kuliko zote, mama watoto aliisoma mpaka mchele ukaisha kwenye ungo. Sikuweza kuihakiki. Hana mtaa, hana nyumba, hana mtu, hana hata paka anayepita, ni mawazo yamepandiana juu ya mawazo. Nikaandika: anwani haijulikani.

Halafu ikaja ile ya mlango. Mwandishi wake anafanya kazi mbali, anasema kila akifumba macho anauona mlango wa kijani wa nyumba ya mama yake, kijani kama jani lililonyeshewa, na mama amesimama mlangoni. Ametaja mtaa, ametaja duka la baiskeli lililo jirani. Nikaupata. Mshauri, ule mlango ni wa kahawia. Nikaukwaruza kidogo na ukucha nione rangi ya chini, chini ni kahawia vilevile. Akatoka bibi mmoja na fimbo.

"Unaukwaruzia nini mlango wangu?"

"Shikamoo, mama. Nahakiki. Mwanao ameandika kwamba ni wa kijani."

Akauangalia mlango wake kama ndio kwanza anauona. Akaniangalia mimi. "Haujawahi kuwa wa kijani huu. Amekitoa wapi hicho kijani?" Nikamsomea, kwa kidole, pole pole. Halafu akasema, "Gauni. Nilikuwa na gauni la kijani, nikimsindikiza shule nalivaa hilohilo, sikuwa na jingine." Akaniambia nirudie kusoma tena kuanzia mwanzo, akaegemea palepale mlangoni kunisikiliza.

Nilipofika nyumbani nikaandika: si kweli. Nikafuta. Nikaandika: muulizeni mama yake.

Mshauri, nataka nishukuru, na sijui nianze na nani. Mtaa huu nimekaa miaka yote nikidhani naujua kwa sababu naongea sana ndani yake. Nashukuru kwa hicho kitabu, nashukuru kwa huyo mtoto aliyeniandikisha, nashukuru hata zile ngazi, sasa nikipita mahali nasikia hamu ya kuuliza badala ya kusimulia, na mama watoto anasema ameanza kuogopa labda naumwa.

Basi mhariri akanipigia simu. Sauti ya mama mtu mzima, taratibu.

"Samahani, baba. Ni wewe uliyekwenda kukwaruza mlango wa mama wa mwandishi wetu?"

"Ni mimi. Nahakiki."

Nikadhani simu imekatika. Kumbe anacheka amefunika mdomo. Ndipo akanieleza kwamba uhakiki wao ni mwingine, ni kusoma na kupima, kusema maandishi yamefika wapi na yamekwama wapi, miguu haihusiki. Nilisikia aibu, mshauri, mimi ambaye sijui aibu ina rangi gani. Nikamwambia basi atafute mtu mwingine. Akasema, "Hapana. Yule mwandishi amempigia mama yake simu, wameongea mpaka salio likaisha. Njoo na uhakiki wako hivyohivyo ulivyouandika." Kisha akauliza, "Na ya mpwa wako, umeihakiki?"

Nikasema bado. Jioni mpwa wangu naye akapiga, amecheka mpaka sauti imemkauka, akasema, "Mjomba, usinionee huruma. Yangu nayo uihakiki kama za wengine." Akakata kabla sijamjibu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye tatizo lenyewe.

Insha yake inanihusu mimi. Mwanzo wake watu watacheka, amemweka meya humo, amemweka rubani, amesema mjomba wake ndiye mwongo mkubwa kuliko wote aliowahi kukutana nao na ndiye pekee ambaye yeye alikuwa akimwamini. Hapo nilijiona mfalme. Halafu anaingia siku tuliyomzika mama yake, dada yangu. Anasema watu walikuwa wamejaa nyumbani, yeye amelala kitandani na viatu, na nyuma ya ukuta akasikia cherehani. Ameandika hivi, nimenakili: "Mjomba alishona tangu tuliporudi mpaka giza lilipoingia, na mashine haikunyamaza hata mara moja. Siku ile nilimchukia." Anaendelea kwamba baadaye nilimwambia nilikuwa na makochi ya balozi, balozi anasafiri, hayakuwa ya kusubiri. Na anasema: "Najua hapakuwa na balozi. Lakini mashine niliisikia." Mwishoni anasema alipokua alielewa kwamba mjomba wake alikuwa na mdomo mmoja zaidi wa kulisha, kwa hiyo alishona siku ambayo mtu mwingine angelia, na kwamba huko kushona ndiko kulikokuwa kulia kwake, na ananishukuru.

Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Anashukuru yeye! Mimi ndiye wa kushukuru, maana hakuna mtu aliyewahi kuniandika vizuri namna hiyo, na mimi mwenyewe nimejaribu mara nyingi.

Ila si kweli. Hapakuwa na balozi, hilo yeye analijua. Hapakuwa na makochi pia. Nilikwenda karakana nikafunga mlango, chini ya sindano kulikuwa na kitambaa cha mteja, nikakitoa nisije nikakiharibu, nikachomoa uzi, nikakaa nikaanza kukanyaga cherehani. Bila kitambaa, bila uzi. Nilikanyaga kwa sababu nilikuwa nalia, na si kulia kwa kiume kule kwa kufuta jicho moja, nalia kama mtoto, na mtoto mwenyewe yuko nyuma ya ukuta, na ndugu wa mume wa dada wamejaa sebuleni, nikaona kelele ya mashine itafunika. Kila nilipotaka kusimama ikaja tena, nikaendelea kukanyaga. Hilo sijamwambia mtu. Mama watoto hajui. Mimi ambaye nimesimulia mpaka yasiyotokea, hili lililotokea sijalisimulia.

Sasa nishauri. Nikisimama Jumamosi niseme kila insha niliikagua mpaka mlangoni kwake, halafu ya mpwa wangu niseme ni ya kweli, nitakuwa nimedanganya katika uhakiki, na katika uhakiki peke yake sijadanganya. Nikisema si kweli, nitakuwa nimemharibia mwisho wa insha yake mbele ya watu, na kitabu kimeshachapwa. Na nikisema lililokuwepo, nani ataniamini? Watasema huyu hapa Chumvi, ametoka kwa rubani sasa amekuja na cherehani isiyo na uzi. Vanishi atacheka mpaka aanguke. Na yeye mwenyewe mtoto akidhani ni hadithi nyingine, mshauri, hilo ndilo siwezi. Nimefikiria kuugua ghafla. Naugua vizuri sana, nimewahi kuugua mpaka daktari akaandika wosia wake. Nisaidie.

Wako mwenye shukrani,
Mjomba Chumvi, fundi wa makochi

MSHAURI ANAJIBU:

Mjomba Chumvi, nakuita mjomba ingawa nahisi nimekuzidi umri. Barua yako nimeisoma kazini kwa sauti, wenzangu wameacha kazi zao kuisikiliza. Sasa kaa chini, kwenye kochi ulilolishona mwenyewe ili usipate kisingizio cha mgongo, unisikilize.

Kuugua sahau. Mtoto amekuandikisha jina, amekuvumilia na meya wako na rubani wako tangu darasa la nne, halafu siku yake moja uvute shuka mpaka puani? Aibu. Ukiugua Jumamosi nitakuja mwenyewe na fimbo ya yule bibi.

Na hiyo aibu ya kukosea neno uitupe leo. Ndiyo, uhakiki wa vitabu si wa tepu na nyundo. Lakini mimi nafanya kazi gazetini, kusoma ndiyo riziki yangu, na nakuambia wapo wahakiki wengi wenye vyeti ambao hawajawahi kugundua kwamba mwandishi amesahau kiti. Insha ya ngazi inahusu watu kupumzika pamoja, na mwandishi akakiacha nje kitu pekee ambacho majirani wamekiweka kwa ajili ya kupumzika! Hilo ni kosa la insha, si la jengo, na wewe umeliona. "Anwani haijulikani" nitaiiba nitumie. Na pale kwenye mlango ulipoandika "si kweli" ukafuta, hapo ulijifunza mwenyewe jambo ambalo wengine hulipwa kulifundisha. Soma kama ulivyoandika, usipambe. Ukimtaja rubani hata kidogo, keti.

Sasa ya mpwa wako. Unaniuliza useme au usiseme. Mimi nakuuliza swali la fundi. Mashine inayoshona kweli, haisimami?

Mama yangu alikuwa na cherehani ya miguu, nimelala karibu nayo utoto wangu wote. Inasimama kila kona unapogeuza kitambaa. Inasimama uzi ukikatika, inasimama uzi wa chini ukiisha, inasimama mshonaji akinyoosha upindo. Mtu anayeshona mchana kutwa mashine yake inaongea na kunyamaza, kuongea na kunyamaza. Inayokwenda bila kunyamaza hata mara moja haishoni kitu. Hilo nalijua mimi niliyekuwa nalala tu. Yeye alikuwa anashika upande wa pili wa kitambaa! Yeye ndiye aliyekuwa anakutungia uzi! Halafu anaandika "haikunyamaza hata mara moja," anaandika "najua hapakuwa na balozi, lakini mashine niliisikia," na wewe, bingwa wa kuukwaruza mlango wa watu uone rangi ya chini, umesoma mpaka karatasi ikalegea na hukukwaruza hapo?

Sisemi kwamba anajua yote. Simfahamu, na huenda lile sikio lake la utotoni limeandika kitu ambacho yeye mwenyewe mtu mzima bado hajakifikiria, kama yule mwana wa mlango alivyobeba gauni la mama yake miaka yote akidhani ni rangi ya mbao. Lakini mtu aliyeridhika na jibu lake haombi lihakikiwe. Kati ya wasomaji wote alikuchagua wewe, na ulipochelewa akakupigia akasema yangu nayo, usinionee huruma, akakata simu haraka. Unadhani alikata kwa nini? Anakuuliza swali tangu akiwa amelala kitandani na viatu. Sasa amelichapa kitabuni kabisa ili usikwepe, na wewe umechukua jibu umeniletea mimi nisiyekufahamu.

Pole kwa dada yako. Ningeanza na hilo, lakini ninyi watu wa maneno mengi mkipewa pole mapema mnageuza mazungumzo. Pole sana. Ulimlilia kwa miguu kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi ya kuwachekesha waliobaki. Hakuna mtu mwenye akili atakayekucheka kwa hilo, na Vanishi akicheka atajua mwenyewe, ingawa nadhani Vanishi atatafuta brashi yake chini kwa muda mrefu.

Unaogopa kumharibia mwisho wa insha. Huuharibu. Ameandika kwamba kushona kule ndiko kulikokuwa kulia kwako. Amekosea neno moja tu, kushona. Mengine yote aliyapata, akiwa mtoto, kupitia ukutani. Msomaji gani asingetamani kumpelekea mwandishi habari ya namna hiyo?

Lakini usimpelekee jukwaani. Hilo nakukataza. Jambo ambalo hukumwambia mkeo huwezi kwenda kulisemea kwenye kipaza sauti, na mwandishi hatakiwi kusikia habari ya mama yake akiwa katikati ya watu wanaopiga makofi. Isitoshe nakujua sasa. Kipaza sauti kikikukaribia tu, kwenye kile chumba cha cherehani ataingia balozi, na nyuma yake meya.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo mwambie mama watoto, kwa maneno machache, ukiwa humwangalii kama huwezi kumwangalia. Amekusomea kila palipokuwa pagumu akipeta mchele, asiwe wa mwisho kujua. Kesho mwite mpwa wako karakana baada ya kazi, na Vanishi mwombe awahi kwenda nyumbani. Usimsimulie chochote, maana ukianza kusimulia hatajua ni wapi chumvi inaanzia, na hilo kosa ni lako, si lake. Mkalishe upande ule alioshikia kitambaa. Toa kitambaa mbele ya macho yake. Chomoa uzi, mpe aushike. Kisha kanyaga, usisimame, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe funga mdomo. Ataisikia. Hiyo sauti anaijua kuliko mimi na wewe, na ndiyo pekee unayomiliki ambayo hujawahi kuiongezea kitu.

Baada ya hapo ataamua yeye kama mlie, mcheke, au atunge tena uzi kwenye sindano mwende zenu kula.

Jumamosi vaa shati lililopigwa pasi. Soma ngazi, soma foleni, soma mlango na umsalimie yule bibi kama amekuja, na nadhani atakuja. Ukifika kwenye insha ya mpwa wako watu watanyamaza, watasubiri kichekesho. Usiwape. Funga kitabu, sema, "Hii tumeihakiki na mwenyewe," halafu ukae.